Kadi ya Mtandao Inaponyamaza

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Sita, Kiranja wa Chumba cha Kompyuta

Wasomaji wapenzi, na hasa ninyi ndugu zetu mliokwisha kuondoka shuleni,

Muhula uliopita habari zilienea, hata kwa walio mbali, kwamba seva ya chumba chetu cha kompyuta imekufa, na kwamba sehemu ya mchango wenu itatumika kununua nyingine. Habari hiyo haikuwa kweli. Seva haikufa, wala hapakununuliwa kitu. Nimeombwa kueleza yaliyotokea, nami nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, ugonjwa uliotupata huzipata shule na ofisi nyingi, na mtu akiufahamu aweza kuutibu bila kutoa hata shilingi moja. Pili, kwa ajili ya ugonjwa huo mwenzetu mdogo aliadhibiwa bure, na mimi ndiye niliyemshtaki.

YALIYOTUPATA

Seva yetu huendeshwa na Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Ndani yake yamewekwa masomo ya video, vitabu, na kazi za wanafunzi. Kompyuta 40 za chumba zimeunganishwa nayo kwa waya kupitia swichi. Wanafunzi wawili watatu wakifanya kazi, mambo huenda sawasawa. Lakini darasa zima lilipofungua somo la video kwa mara moja, baada ya dakika chache picha zote ziliganda. Zilipita sekunde kumi au kumi na tano, kisha mtandao ukarudi wenyewe. Baada ya kitambo ukakatika tena.

Siku moja, wakati mtandao ulipokatika, kijana wa Kidato cha Pili alionekana ameinama nyuma ya meza ya seva. Alisema anatafuta kalamu yake iliyoanguka. Mimi sikumsadiki. Nilimpeleka kwa mwalimu wa zamu, nikasema huyu ndiye achomoaye waya. Akapewa kufyeka majani siku tatu, na kukatazwa kuingia chumba kile mpaka mwisho wa muhula. Kesho yake mtandao ulikatika tena, naye hakuwamo. Badala ya kujiuliza, tulisema kwamba labda alikwisha kuliharibu tundu la waya. Ndivyo tulivyo wanadamu: tukikwisha kumpata mwenye makosa, kila jambo jipya twalitwika juu yake.

Baadaye wakubwa wakasema kwamba kazi imeizidi nguvu seva, ikabidi kununua nyingine. Kabla ya fedha kutolewa, mwalimu wetu wa kompyuta aliniita akaniuliza, "Umesoma daftari la matukio?" Sikuwa nimelisoma.

MANENO YA MLINZI

Linux huandika mambo yaliyoipata katika daftari lake, na ukiandika agizo la dmesg -T hukuonyesha, kila jambo na saa yake. Tulipolifungua tulikuta mstari huu umerudiwa mara nyingi: "NETDEV WATCHDOG: enp2s0: transmit queue 0 timed out". Enp2s0 ni jina la kadi ya mtandao katika seva yetu. Maana ya mstari huo ni kwamba mlinzi wa mtandao ameona foleni ya kutuma imesimama, na muda wa kungoja umekwisha.

Wengi wakiona neno hilo hufikiri kwamba mlinzi ndiye mwenye kosa, wakatafuta namna ya kumnyamazisha. Hilo ni sawa na kumpiga mtu aliyekuja kutuambia nyumba inaungua. Lakini ili tujue alichokiona mlinzi, hapana budi tujue kwanza jinsi kadi ifanyavyo kazi.

MPISHI, MCHUKUZI NA KENGELE

Na tufikiri juu ya chumba chetu cha kulia chakula. Nyuma ya dirisha yuko mpishi apakuaye posho na maharage. Mbele ya dirisha yuko mchukuzi apelekaye sahani mezani. Mpishi ana sahani 256 tu, zimepangwa kwa duara, na kila moja ina namba yake. Hujaza ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Mchukuzi huzichukua kwa taratibu hiyo hiyo, hupeleka chakula, hurudisha sahani tupu mahali pake, kisha hupiga kengele. Mpishi akisikia kengele huzitazama sahani zilizorudi na kuanza kuzijaza tena. Kama sahani zote zimejaa na hakuna iliyorudi, mpishi hufunga dirisha, kwani hana pa kupakulia.

Hivyo ndivyo ilivyo ndani ya kompyuta. Mpishi ni programu iitwayo dereva, ambayo kazi yake ni kuiongoza kadi. Mchukuzi ni kadi yenyewe. Chakula ni pakiti, yaani vipande vidogo vya habari. Sahani ni nafasi zilizopangwa katika kumbukumbu kwa mfano wa duara. Katika kadi yetu zilikuwa 256, na agizo la ethtool -g ndilo lililotuonyesha. Kengele ni ishara ambayo kadi huipelekea prosesa ili kusema, "Nimekwisha kutuma." Na kufunga dirisha ni pale dereva anapoiambia Linux isimlete pakiti nyingine mpaka nafasi ipatikane.

Kufunga dirisha si ugonjwa. Kwaweza kutokea mara nyingi katika saa moja bila mtu kutambua, maana nafasi hupatikana upesi na dirisha hufunguliwa. Ugonjwa ni dirisha kufungwa na kubaki limefungwa. Hapo ndipo ajapo mlinzi. Yeye ni kama kiranja wa zamu aliyeshika saa. Akiona dirisha limefungwa na hakuna sahani iliyotoka kwa muda uliowekwa, ambao kwa kawaida ni sekunde 5, huandika neno lake katika daftari na kumwamuru dereva aanze upya. Dereva humwaga vyakula vyote vilivyokuwa dirishani, huiwasha kadi upya, na kazi huanza tena. Ndiyo sababu mtandao wetu ulirudi wenyewe. Pakiti zilizomwagwa hutumwa tena na kompyuta zenyewe zikigundua kwamba hazikufika, lakini wakati huo darasa zima hukaa likitazama picha iliyoganda.

HESABU NDOGO YA KUFUMBUA MACHO

Sasa tuje kwenye lile neno la wakubwa, kwamba kazi ilizidi. Mimi nami nililiamini mpaka mwalimu aliponipa chaki na kuniambia nipige hesabu.

Kadi yetu ni ya gigabiti, maana yake yaweza kutuma biti 1,000,000,000 kwa sekunde. Pakiti iliyojaa huchukua baiti 1,500, na pamoja na bahasha yake na nafasi ya kuitenga na nyingine hufika baiti 1,538, yaani biti 12,304. Gawanya, utaona kwamba kadi yaweza kutuma pakiti zaidi ya 81,000 katika sekunde moja. Basi duara lote la nafasi 256, lijapokuwa limejaa kabisa, humalizika kwa kama sehemu 3 tu za 1,000 za sekunde.

Mlinzi amengoja sekunde 5. Hizo ni zaidi ya mara 1,500 ya muda unaohitajiwa kumaliza sahani zote. Hata kama kadi ingekuwa ya zamani, ya megabiti 100, duara lingemalizika kabla ya sehemu 40 za 1,000 za sekunde.

Hesabu hiyo ndiyo kiini cha makala yangu. Kadi iliyoelemewa na kazi huenda polepole, lakini huenda. Kadi iliyokaa sekunde 5 bila kurudisha hata sahani moja haikuchoka, imekwama. Kazi nyingi haikuleta kosa, bali ilifichua kosa lililokuwa limelala. Kazi ikiwa kidogo sahani hazijai, dirisha halifungwi, wala mchukuzi hafikishwi mahali pa kujikwaa. Kwa hiyo kununua seva kubwa zaidi kwa kuwa "hii imezidiwa" ni kutibu mguu wakati kiumwacho ni jino.

USHAHIDI JUU YA KIJANA YULE

Daftari lilitufunulia jambo jingine pia. Mtu akichomoa waya, Linux huandika maneno mengine kabisa, yasemayo kwamba kiungo kimekatika: "Link is Down". Tena mlinzi yule hupiga kelele pale tu ambapo kiungo kinahesabiwa kuwa kizima. Kama waya umetoka, yeye hunyamaza, kwa maana hakuna ajabu foleni ikisimama penye waya uliochomolewa. Kwa hiyo kule kuwapo kwa neno la mlinzi kulikuwa ushahidi kwamba, saa ile, waya ulikuwa mahali pake.

Ni kweli kwamba katika daftari letu palikuwa na "Link is Down" pia. Lakini iliandikwa baada ya neno la mlinzi, si kabla. Ilitokana na kadi kuwashwa upya. Atazamaye bila kufuata utaratibu wa mistari atadhani tokeo ndilo chanzo.

Tulipotazama saa za mistari ile, tukakuta mmoja umeandikwa saa nane na robo usiku wa Jumamosi. Saa hiyo seva hupeleka nakala za akiba katika kompyuta ya ofisini. Chumba kilikuwa kimefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Sikuwa na la kusema.

JINSI TULIVYOTAFUTA

Mwalimu aliniwekea sheria moja: badilisha jambo moja tu, lijaribu chini ya mzigo, andika, kisha endelea. Mtu akibadilisha mambo manne kwa pamoja na mashine ikapona, hajui ni dawa gani iliyoponya, na ugonjwa ukirudi hana pa kuanzia. Haraka haraka haina baraka.

Kwanza tulitafuta njia ya kuuleta ugonjwa kwa kupenda kwetu. Tulitumia programu ya iperf3, ambayo kazi yake ni kujaza mtandao kwa makusudi. Tuliiwasha katika seva, kisha katika kompyuta moja ya chumba tukaiagiza kwa alama ya -R, ili seva ndiyo iwe mtumaji. Baada ya dakika nne mtandao ulikatika. Tulifurahi kana kwamba tumeshinda mechi, maana ugonjwa uitikao ukiitwa umekwisha kupatikana nusu.

Kisha tukaanza. Tulibadilisha waya, na tundu la swichi. Tulitazama hesabu za makosa kwa ethtool -S, kwa kuwa waya mbovu huacha alama zake pale. Makosa yalikuwa sifuri. Mtandao ukakatika tena.

Pili, tulizuia matangazo ya kusimama. Swichi ina haki ya kuiambia kadi, "Ngoja kidogo, nimejaa." Katika gigabiti tangazo moja haliwezi kuisimamisha kadi kupita sehemu 34 za 1,000 za sekunde, lakini kifaa kibovu chaweza kulirudia bila kikomo na kuifunga kadi kabisa. Tulizuia kwa ethtool -A enp2s0 rx off tx off. Mtandao ukakatika tena, nasi tukarudisha mambo yalivyokuwa.

Tatu, tulitazama kengele. Yawezekana mchukuzi amerudisha sahani zote lakini kengele haikusikika, mpishi akabaki amesimama. Hesabu ya kengele imo katika faili la /proc/interrupts. Ukilisoma mara mbili wakati wa mzigo utaona kama namba inaongezeka. Yetu iliongezeka vizuri mpaka dakika ile ile ya kukwama. Basi kengele haikupotea. Mchukuzi mwenyewe ndiye aliyesimama.

Nne, tukafika kwenye jambo ambalo sikuwa nikilijua. Ili kuipunguzia prosesa kazi, kadi nyingi za siku hizi hufanya sehemu ya kazi yake. Badala ya mpishi kukata posho vipande vya sahani moja moja, humpa mchukuzi sinia zima, na mchukuzi hukata mwenyewe njiani. Kazi hiyo ya kukata huitwa TSO. Kwa kadi nzuri ni msaada mkubwa. Lakini kadi nyingine, au dereva wake, ina kosa katika ukataji huo, na baada ya masinia mengi hukwama kisu kikiwa mkononi.

Tuliizuia kwa agizo fupi: ethtool -K enp2s0 tso off. Tukawasha iperf3. Dakika nne zikapita, kisha kumi, kisha saa nzima. Saa mbili zilipotimia bila kukatika nilitaka kushangilia, lakini mwalimu aliniambia nirudishe TSO. Mtandao ukakatika katika dakika ya sita. Tukaizuia tena, saa mbili nyingine zikapita salama. Hapo ndipo tuliposema tumejua. Prosesa iliongeza kazi kidogo, kwani sasa yeye ndiye mkataji, lakini hakulalamika.

Sasa mtaona kwa nini tulidanganyika muda mrefu. Tulipokuwa tukiupima mtandao kwa ping, tulituma pakiti ndogo sana zisizohitaji kukatwa. Ping yetu ilikesha usiku kucha bila kosa, nasi tukasema kadi ni nzima. Video na nakala za akiba ndizo zilizoleta masinia makubwa. Kifaa hakipimwi kwa kazi nyepesi kisha kikahukumiwa juu ya kazi nzito.

Jina la kiwanda kilichotengeneza kadi ile silitaji, kwa sababu kadi za viwanda vingi zimewahi kuonekana na makosa ya namna hii, na jina lingemfanya msomaji adhani kwamba yake iko salama.

KWA ATAKAYEPATWA

Msomaji, usidhani dawa yetu ndiyo dawa ya kila kadi. Neno la mlinzi ni moja, lakini sababu ni nyingi, kama vile homa moja yaweza kuwa ya malaria au ya kidonda. Ukiona TSO haina kosa, jaribu na haya, moja moja. Huenda kadi inawekwa usingizini ili kuokoa umeme na inachelewa kuamka; kuanzisha Linux kwa neno pcie_aspm=off kwaweza kuzuia usingizi huo. Huenda dereva ni wa zamani. Ethtool -i itakuonyesha jina lake na toleo lake, na toleo jipya la Linux laweza kuwa limekwisha kusahihisha kosa. Huenda kadi haikukaa vizuri katika tundu lake, au vumbi limeziba feni na joto limezidi. Ukimaliza hayo yote bila kufaulu, tia kadi nyingine. Bei ya kadi ni ndogo mno kuliko ya seva.

Jihadhari na mambo mawili. Usiongeze idadi ya sahani ukafikiri umetibu. Duara kubwa huchelewa kujaa, lakini mchukuzi aliyekwama hatakwamuliwa kwa kuongezewa sahani. Tena kumbuka kwamba agizo la ethtool hupotea mashine ikizimwa, nasi hapa Uganda twaujua umeme wetu. Liandike katika faili za mipangilio ya mtandao ili lisomwe kila mashine iwakapo. Sisi tulisahau, na baada ya umeme kukatika ugonjwa ulirudi siku ile ile. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

NENO LA MWISHO

Nilikwenda kwa kijana yule wa Kidato cha Pili wakati wa mapumziko, mbele ya wenzake, kwa kuwa nilimshtaki mbele ya wenzake. Nilimweleza habari ya mlinzi na saa nane na robo usiku. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja: "Je, kaka, daftari hilo lilikuwapo siku ile uliponipeleka kwa mwalimu?" Nikamjibu ndiyo, lilikuwapo. Hakusema zaidi, na mimi pia sikuweza kusema zaidi.

Amekwisha kuruhusiwa kuingia chumbani. Kila Ijumaa yeye ndiye asomaye daftari la matukio na kunakili katika kitabu mistari yote ya mlinzi. Tangu tulipoandika lile agizo katika faili za mipangilio, hajaandika hata mmoja.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mashine ikisimama penye kazi nyingi, msiilaumu kazi, wala msimlaumu aliyekuwa karibu. Someni daftari kwanza.